Kilo Iliyokuwa Mfukoni

Pu!

Kishindo cha kitu kizito kutupwa mlangoni, kikafuatwa na ngurumo ya pikipiki iliyoondoka bila hodi wala kwaheri. Mimi nilikuwa bafuni, mdomo umejaa povu la dawa ya meno. Nikasikia ndara za dada zikiburuzwa kuelekea mlangoni, taratibu, maana mimba ya miezi saba haikimbizwi.  Kisha jina langu.

"Sindano!"

Hilo si jina nililopewa na wazazi. Nilipewa na nyumba nzima kwa sababu ya umbo langu, nami nimelipiga vita tangu darasa la tano bila kushinda hata mara moja.

Nilipofika sebuleni, dada alikuwa amesimama kando ya boksi lake mwenyewe la sabuni, mikono kiunoni, tumbo mbele. Boksi lilikuwa limekwenda hadi ofisi ya vifurushi na kurudi, na ubavuni lilibandikwa karatasi nyekundu.

"Soma," alisema.

"Uzito ulioandikwa na mtumaji, kilo mbili. Uzito halisi, kilo tatu nukta moja. Onyo la pili."

"Na onyo la tatu ni nini?"

"Akaunti ya mtumaji kufungwa."

"Kufungwa mpaka lini?"

"Hawajasema, dada. Wamesema kufungwa tu."

Akaketi juu ya boksi. Tangu aache kazi ya kushona sare kiwandani, dada huchemsha sabuni jikoni, huzikata kwa waya, huzipiga picha dirishani penye mwanga mzuri na kuziuza mtandaoni. Wateja wake wako miji ya mbali, na ofisi ile ya vifurushi ndiyo pekee hapa kwetu inayofika huko. Akaunti ikifungwa, atabaki na jiko lililojaa sabuni na sisi wa nyumbani tukinukia vizuri bila sababu. Na siku hiyo hiyo, kabla dirisha la ofisi halijafungwa saa kumi alasiri, maboksi kumi na moja ya mwenye nyumba za wageni yalitakiwa yawe yamepokelewa. Ilikuwa oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata.

"Mizani ile ya bafuni imeharibika," alisema. "Tunakwenda kununua mizani ya vifurushi. Sasa hivi. Beba hili boksi."

Nikalibeba haraka bila kubisha, kwa sababu mizani ya bafuni haikuwa na kosa lolote. Nieleze.

Mizani ya bafuni ni ya kupimia watu. Ukiiwekea boksi peke yake inakukaushia, inaandika sifuri. Kwa hiyo dada alikuwa na njia yake: mtu anapanda akiwa amekumbatia boksi, namba inasomwa, unatoa uzito wa mtu, kinachobaki ni boksi. Mtu mwenyewe alikuwa dada, na kwa miezi minane mambo yalikwenda sawa kabisa. Ila mimba ikaanza kumwongezea uzito kila wiki, na boksi likifika mbele alikuwa haoni namba wala vidole vya miguu yake. Akatafuta mtu mwingine wa kupanda.

"Wewe hubadiliki," aliniambia. "Tangu nikujue uko vile vile. Tutakupima mara moja, tukuandike ukutani, basi."

Hubadiliki! Neno hilo lilinichoma. Nilikuwa na miezi mitatu nikinyanyua makopo ya saruji uani, asubuhi na jioni, na wiki iliyotangulia nilikuwa nimetangaza mezani, mbele ya mama na shemeji, kwamba nimefika kilo sitini na nne. Shemeji alicheka hadi maharage yakampalia. Basi siku ya kupimwa niliingia bafuni kwanza peke yangu. Sitini na mbili na nukta tisa. Nikashuka, nikapanda tena kwa upole kidogo. Sitini na mbili na nukta tisa. Nikatazama huku na huku. Nikatia kufuli la geti mfuko wa kulia, spana mfuko wa kushoto na fungu la funguo nyuma, nikamwita dada aje kusoma.

"Sitini na nne kamili!" alishangaa, akaandika ukutani kwa kalamu ya rangi na kuzungushia duara. Shemeji akaja kutazama. Alinyamaza. Sitasahau utamu wa ule unyamavu.

Mnaona mambo yalivyokuwa. Kila boksi nililopanda nalo lilikatwa kilo moja na gramu mia ambazo hazikuwa mwilini mwangu. Ofisi hupima machache tu kwa kuchagua; lilipoletwa onyo la kwanza nilijitia hamnazo. Nilisema ni bahati mbaya. Sasa lilikuwa la pili, na bado duara lile lilikuwa ukutani, na bado mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

Duka la mizani lilikuwa uchochoroni nyuma ya mafundi viatu, chumba kimoja chembamba chenye rafu mpaka darini. Mwenye duka, mama wa makamo aliyevaa miwani mbili, moja machoni na moja utosini, alikuwa akifuta vumbi kwenye mizani ya zamani ya mikono miwili.

"Shikamoo mama," tulisema.

"Marahaba wanangu. Mnapima nini?"

Huyo alikuwa mfanyabiashara. Hakuuliza mnataka nini, aliuliza mnapima nini.

"Maboksi ya sabuni," alisema dada. "Kilo tatu, mengine hufika kumi. Na tumekuja na hili, ofisi wamelipima wakasema kilo tatu nukta moja. Nataka nilijaribu juu ya kila mizani uliyo nayo."

"Una akili," alisema mama wa mizani. "Wengi huchagua kwa rangi."

Akaanza na mizani ya jikoni, ndogo, nyeupe, nzuri kama sahani ya harusi. Dada akaweka boksi. Boksi likaifunika mizani yote, pamoja na kioo cha namba. Nikainama kuchungulia chini yake. Nikalala sakafuni kifudifudi, shavu kwenye vigae.

"Unaona nini?" dada aliuliza.

"Naona tatu. Au nane. Kuna kivuli."

"Kwa hiyo kila boksi utakuwa unalala hivyo?"

"Nitalala!" nilisema kwa moyo wote. "Hii ndiyo mizani, dada. Ndogo, haichukui nafasi, mwisho wake kilo tano, haina makuu."

Kilichonipendeza ni hizo kilo tano. Mizani yenye mwisho wa kilo tano haiwezi kumpima binadamu.

"Na yale ya kilo kumi nipime kwa nini, kwa macho?" alisema dada. "Ondoka chini hapo, unachafua shati."

Ya pili ilikuwa ya kuning'iniza, ndoano chini, mpini juu. Nikafunga boksi kwa kamba, nikalinyanyua. Likaanza kuyumba. Namba nazo zikacheza: mbili nukta nane, tatu nukta nne, mbili nukta tisa. Nikajaribu kulituliza kwa goti. Likazunguka, likampiga mama wa mizani nyonga na kuangusha kopo la kalamu.

"Tulia, tulia!" alisema dada.

"Ni boksi lisilotulia, si mimi!"

"Hiyo ni nzuri kwa samaki na magunia madogo," alisema mama wa mizani akiokota kalamu zake. "Kwa maboksi inataka mtu mwenye mkono mzito."

Nilijua alichomaanisha, nikalitua boksi kwa hasira.

Ya tatu aliitoa chini ya meza. Ilikuwa bapa la chuma pana kama kitabu kilichofunguliwa, na kioo chake cha namba hakikuwa juu ya bapa, kilikuwa mbali, mwisho wa waya uliojikunja kama waya wa simu za zamani, unakitundika ukutani. Boksi hata liwe kubwa vipi haliwezi kukificha. Mwisho wake kilo thelathini, hatua zake gramu tano tano. Tena ilikuwa na kitufe cha sifuri: unaweka beseni, unabonyeza, beseni linahesabiwa halipo.

Dada akaweka boksi. Namba zikapanda, zikasimama zisitikisike. 3.140.

"Ah," alisema dada, kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Kisha akakunja uso. "Kwa hiyo ofisi walisema kweli. Mizani yetu ya bafuni ndiyo mbovu."

"Ilipima watu vibaya au maboksi vibaya?" aliuliza mama wa mizani.

Dada akamweleza njia yetu yote: kupanda, kukumbatia, kutoa. Mama wa mizani akabadilisha miwani, ya utosini ikaja machoni na ya machoni ikaenda utosini, akanitazama kuanzia kandambili hadi nywele.

"Na huyu ndiye kilo sitini na nne?"

"Sitini na nne kamili," alisema dada. "Tumeandika ukutani."

"Hm," alisema mama wa mizani. "Mwanangu, miaka ishirini na sita napima vitu. Pale mlangoni kuna mizani ya magunia. Hebu apande."

"Ya nini sasa?" nilipaza sauti. "Tumekuja kununua mizani au kupima watu? Muda unakwenda! Maboksi kumi na moja yanatungoja! Mimi si gunia!"

"Panda tu, Sindano," alisema dada. "Tukijua wewe uko sawa, tunaitupa ile ya bafuni roho ikiwa safi."

Nikapiga moyo konde. Walipogeuka kusogeza magunia yaliyoziba mizani, nami nikapita kando ya ile mizani ya zamani ya mikono miwili. Pembeni yake kulikuwa na mawe yake ya shaba, yamepangwa kama familia, baba hadi mtoto. Sikufikiri. Mtu mwenye kiburi hafikiri, mkono humtangulia. Nikachukua mawili, nikatia moja kila mfuko, nikapanda.

"Sitini na sita na nukta tisa," alisoma dada. Uso wake ukang'aa. "Sindano! Umenenepa! Makopo ya saruji yamekubali!"

Nikavuta pumzi, nikatanua kifua. Hapo ndipo nilipokosea, maana kifua kilipopanda, tumbo lilirudi ndani, na suruali yangu, ambayo sikuwa nimeifunga mkanda, ilibaki haina cha kushikilia. Mawe mawili ya kilo mbili mbili yaliivuta kwa pamoja. Nikaidaka magotini. Jiwe moja likatoka mfukoni, kwaa! likagonga chuma cha mizani, likabingirika polepole, tena kwa madaha, hadi likasimama mbele ya ndara za dada.

Namba zikashuka. Sitini na nne na nukta tisa.

"Mfuko wa kushoto," alisema mama wa mizani bila haraka. "Hilo lingine nalo ni la dukani."

Nikalitoa. Sitini na mbili na nukta tisa.

Dada alicheka kwanza. Alicheka hadi akashika tumbo kwa mikono miwili na kuegemea magunia, na mama wa mizani akamletea kigoda. Nami nilisimama pale nimeshika suruali, nikicheka naye kwa matumaini. Halafu kicheko chake kikapungua, kikakatika. Nilimwona akipiga hesabu kichwani. Sitini na nne, sitini na mbili na nukta tisa. Boksi, kilo mbili. Boksi, kilo tatu nukta moja.

"Siku ile ya ukutani," alisema. "Ulikuwa na nini?"

"Kufuli," nilisema.

"Na?"

"Spana. Na funguo."

"Mwezi mzima, Sindano? Onyo la kwanza nililia pale jikoni, ukanipa kitambaa. Ulikuwa unajua?"

  Nikainamisha kichwa kukubali.

Hakupiga kelele. Alilipa mizani ya bapa, akafungiwa, akaniambia kitu kimoja tu: "Toa mifuko nje."

"Vipi?"

"Igeuze. Yote. Mpaka dirisha lifungwe leo, nataka niione mifuko yako."

Nikaigeuza. Nikatembea mtaa mzima nimebeba boksi na mizani, vitambaa vyeupe vya mifuko vikining'inia nyongani kama masikio ya sungura. Mafundi viatu waliacha nyundo hewani. Shemeji alipotuona tukiingia getini alifungua mdomo, dada akamnyoshea kidole, akaufunga.

Tulipima maboksi kumi na moja juu ya meza ya jikoni. Dada aliweka, mimi nilisoma kioo ukutani, yeye akaja kusoma tena nyuma yangu kila mara, kisha akaandika. Hilo la kusoma tena liliniuma kuliko kandambili ambayo angenitupia. Saa tisa na nusu tulikuwa njiani na mkokoteni tulioazima kwa fundi bomba, mimi nikisukuma, mifuko ikipepea.

Ofisi ya vifurushi ilikuwa na foleni. Karani alikuwa kijana wa shati lililopigwa pasi hadi likakasirika, shingoni kamba yenye kitambulisho na fungu la funguo za kila mlango wa jengo lile.

"Huyu ni mwenye maonyo mawili, yake yote hupimwa," alisema akitazama kompyuta yake, kwa sauti ya kusikiwa na watu wote. "Mama, unajua la tatu ni nini?"

"Najua," alisema dada. "Pima."

La kwanza likalingana. La pili. La tano. Dada alikuwa akinong'ona kila namba kabla haijatokea. La tisa, la kumi, sawa sawa hadi gramu. Saa ya ukutani ilibakisha dakika sita. Karani akaweka la kumi na moja, akainama mbele kuvuta karatasi za risiti upande wa pili wa kaunta, na mashine ikalia kwa hasira.

"Mtumaji kaandika tatu nukta mbili mbili," alisoma. "Halisi, tatu nukta tano nane. Onyo la tatu."

 Dada aliweka kiganja juu ya kaunta kama anayetafuta ukuta gizani.

Lakini mimi nilikuwa nimeona. Nani angeona kama si mimi? Wakati karani ameinama, lile fungu la funguo lilikuwa limelala juu ya boksi, limetulia kama paka juani. Aliposimama wima, liliondoka naye.

"Pima tena!" nilisema. "Funguo zako zilikuwa juu ya boksi!"

"Kifurushi hupimwa mara moja, kaka. Mashine imeshaandika. Na funguo hizi? Nimezivaa mwaka wa tatu, hata sizisikii. Haziwezi kuwa na uzito wa maana." Akanitazama chini. "Na wewe, mbona mifuko yako iko nje?"

Foleni ikacheka. Nilimtazama dada, nikatazama saa. Dakika nne. Nilikuwa na kiburi kimoja tu kilichobaki, na nilikuwa nimesimama nacho mbele ya watu kumi na watano wa mtaa wetu, wakiwemo wawili ninaonyanyua nao makopo.

"Iko nje," nilisema, na sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia, "kwa sababu mimi ndiye mtaalamu wa uzito wa funguo! Nilipimwa nikiwa na funguo mfukoni ili nionekane kilo sitini na nne. Kwa funguo, kufuli na spana nilijiongezea kilo moja na gramu mia. Maonyo yake yote mawili ni yangu. Sina kilo sitini na nne! Nina sitini na mbili na nukta tisa, na hiyo tisa ni baada ya kula! Sasa weka hizo funguo juu ya mizani!"

 Kisha bibi mmoja mwenye kifurushi cha duara akagonga sakafu kwa mwavuli.

"Aweke!" alisema.

"Weka funguo!" foleni ikaitikia. "Weka!"

Karani akavua kamba shingoni, polepole, akaziweka. Mashine ikaandika: gramu mia tatu na sitini. Bibi wa mwavuli alikuwa na hesabu kuliko sisi sote. "Tatu nukta mbili mbili, ongeza hiyo," alisema, "ni tatu nukta tano nane. Futa onyo, mjukuu wangu."

Karani akafuta. Akapima tena, akiwa ameshika funguo mkono wa nyuma kama mwanafunzi aliyeficha embe. Tatu nukta mbili mbili. Akagonga muhuri maboksi kumi na moja, na dirisha likafungwa nyuma yetu. Mmoja wa wale wa makopo alinipigia mluzi nikipita. Mwache apige.

Njiani dada alikaa juu ya mkokoteni mtupu, mimi nikisukuma. 

"Nukta tisa baada ya kula," alisema mwishowe, mgongo ukimtikisika kwa kicheko.

"Dada, nisamehe."

"Mimi nitaona. Muombe na huyu. Alilia pamoja nami siku ile." Akapapasa tumbo. "Mizani ile mwisho wake kilo thelathini. Akizaliwa, ndiko tutakakompima."

Nikasimamisha mkokoteni katikati ya njia. Nikazunguka mbele, nikachuchumaa, mifuko ikigusa vumbi, na nikasema kwa sauti ambayo mwenye duka la vioo alitoka kuisikiliza:

"Wewe uliye humo ndani, mimi ni mjomba wako. Nakuahidi, siku ukizaliwa nitakuweka juu ya ile mizani mimi mwenyewe, mifuko yangu ikiwa nje, nepi yako ikiwa pembeni. Na itakachosema, hicho hicho ndicho nitakachokiandika ukutani, hata ukitoka sindano kama mimi."